Kuzima Chokaa

Tulidhani ni kongosho tu.
Neno lenyewe tulipewa mwezi wa Rajabu,
tukalizoea kama mgeni asiyeaga:
saratani, imekwisha tambaa, haipasuliwi.
Hakuna aliyetutajia kiu.

Kiu ilikuja usiku wa Jumanne.
Baba alimaliza mtungi, akaomba wa pili.
"Mai, Mwanamkuu, nipa mai,"
na yote aliyokunywa yalitoka,
nami nikibeba beseni, nikihesabu safari kwa vidole:
kumi na moja kabla ya adhana ya alfajiri.

Siku ya tatu tumbo likafunga.
Mama akaulaumu wali mkavu, akachemsha sanamaki.
Siku ya nne alianza kupiga lipu.
Ukuta haukuwa na ufa wala tundu.
Aliupangusa kwa kiganja, polepole, kwa mizunguko,
kama alivyozipangusa nyumba za Mkomani miaka arubaini,
akanigombeza kwa jina la Famau,
mwanafunzi wake aliyezikwa zamani:
"Chokaa hii hukuizima vyema. Itapasua ukuta."

Shangazi alisema maradhi yamepanda kichwani.
Jirani alisema neno nisilolirudia.
Daktari kijana kutoka Meru,
ambaye bado aliwaogopa punda wetu,
hakusema kitu. Alichota damu.

Kipimo hakikuwako kisiwani.
Damu ya baba ilivuka hadi Mokowe
ndani ya kisanduku cha barafu cha muuza samaki,
ikapanda basi, ikalala Malindi,
na jibu likarudi kwa simu: tatu nukta saba.
"Haikupaswa kupita mbili na nusu na chembe," akasema.
"Ni kalsiamu. Imetoka mifupani, imejaa damuni.
Saratani ndiyo inayoiagiza itoke."
Nikamuuliza kalsiamu ni nini.
Akatafuta neno, akautazama ukuta nyuma yangu.
"Ni hii hapa," akasema. "Chokaa."

Mimi nimelelewa na chokaa.
Nimeona matumbawe yakipangwa juu ya magogo ya mikoko,
yakaungua usiku kucha,
asubuhi yamekuwa meupe, mepesi, yana hasira.
Baba hakuniruhusu kuyagusa.
"Iwe hili lina kiu. Litakunywa hata mate yako."
Kisha hulimwagia maji, ndoo kwa ndoo,
nalo likanguruma, likachemka bila moto,
hadi likalainika kama maziwa ya mgando.
Yeye aliyejua yote hayo
hakujua ni nani aliyewasha tanuu chini ya mbavu zake.

Walimtundikia maji ya chumvi, chupa baada ya chupa.
Nilizihesabu kama ndoo.
Kisha dawa ya mshipani, ya kuiambia mifupa
ishike kilicho chake, isiendelee kutoa.
Kwa dawa hiyo tuliuza punda wawili.

Siku ya tatu alifumbua macho, akaniita kwa jina langu.
"Mwanamkuu, nani alipiga lipu chumba hiki?
Ni saruji. Saruji haipumui."
Mama alicheka hadi akalia.

Nje, penye ngazi, daktari alinieleza:
"Itarudi. Wiki mbili, labda tatu.
Tumeupoza moto. Tanuu lipo palepale."
Hakunificha. Sikumchukia.

Tulipata siku kumi na saba.
Alilipa deni la boriti kwa Bwana Shekuwe.
Alimwomba Mama radhi kwa jambo ambalo sikuambiwa.
Alikula papai, akaenda choo, akajisifu kama mtoto.
Na jioni moja, yeye kitini, mimi na mwiko shimoni,
alinifundisha kazi aliyoninyima utotoni:
"Usiharakishe. Ikinguruma, ngoja.
Ikinyamaza, ngoja tena."

Nikangoja.
Usiku wa kumi na nane
nilisikia kata ikigonga mtungi.